Shaba ya kilo na shaba ya picha: makosa yangu matatu ya kukusanya raundi

Kazi yangu ni bobinaji. Mota ya pampu ikiungua, au ya kinu cha unga, huletwa kwenye karakana yangu katika komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye eneo la shaba la Katanga. Natoa waya uliokufa, nasuka mwingine. Waya wa zamani siutupi. Naukusanya kwenye gunia, na gunia likijaa namwita mnunuzi wa mitrai, yaani vyuma chakavu, anakuja na mizani yake ya kuning'iniza, tunabishana kidogo, ananilipa. Miaka ishirini na miwili nimeijua shaba kwa kilo. Hata hivyo, kati ya 2021 na 2023 shaba hiyohiyo ilinimalizia pesa za minervali, yaani karo ya shule ya watoto, ikanigombanisha na mke wangu, na mwisho nikaharibu kwa mikono yangu kitu kimoja nilichoachiwa na baba.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo ameona kwenye simu yake raundi ya shaba inayong'aa, yenye picha ya sarafu ya kale, na mkono unamwasha kuinunua. Simkatazi. Mimi bado ninazo, na nazipenda.

Raundi ni kipande cha mviringo cha shaba tupu, kinachogongwa kama sarafu na viwanda vya watu binafsi, hasa Marekani, lakini si pesa. Hakikuandikwa thamani, na hakuna benki itakayokipokea. Ukubwa uliozoeleka ni wakia moja, upana wake kama milimita 39, na picha zake nyingi zimeigwa kutoka sarafu za zamani ambazo watu walizipenda.

Ya kwanza nilipewa. Ilikuwa kiangazi cha 2021, mteja mmoja mchimba visima aliniletea pampu ya kuzamisha, na alipokuja kuichukua alinilipa yote, kisha akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. "Papa, wewe ni mtu wa shaba, chukua hii." Nilikigeuza mkononi. Upande mmoja kichwa cha mzee wa Wenyeji wa Marekani, nywele zimesukwa, unyoya umechomekwa, mikunjo ya uso inaonekana mpaka kwenye pembe ya mdomo. Upande wa pili nyati wa kule, nundu juu, kichwa kimeinama, na chini yake maandishi madogo: wakia moja, shaba safi, .999. Nimeshika shaba maisha yangu yote, lakini ikiwa waya, ikiwa imeungua, inanuka vanishi. Sikuwa nimewahi kuishika ikiwa na uso.

Usiku ule niliwasha intaneti kwenye simu nikatafuta ule uso ni wa nani. Picha ilichongwa na James Earle Fraser kwa ajili ya sarafu ya senti tano ya Marekani, iliyoanza kugongwa 1913 na kuachwa 1938. Fraser mwenyewe alieleza kwamba kichwa kile si cha mtu mmoja. Alikiunganisha kutoka kwa watu kadhaa. Na kilichonishika zaidi ni hiki: Wamarekani huiita sarafu ile nikeli, lakini nikeli ndani yake ni robo tu. Robo tatu zilizobaki ni shaba. Mtu wa Katanga akisoma jambo kama hilo hawezi kulala.

Sikulala. Wiki nzima nilisoma. Nikamjua George T. Morgan, aliyechora dola ya fedha ya 1878. Nikamjua Adolph Weinman, ambaye picha yake ya mwanamke anayetembea kuelekea jua linalochomoza iliwekwa kwenye nusu dola kuanzia 1916 mpaka 1947, kisha mwaka 1986 ikarudishwa kwenye sarafu ya fedha ya Marekani. Nikamjua Augustus Saint-Gaudens na dola yake ishirini ya dhahabu ya 1907. Zile sarafu halisi sizipati, fundi wa mota atazitoa wapi? Lakini picha zote hizo zilikuwapo kwenye shaba, kwa dola mbili au tatu.

Hapo ndipo nilipochanganya mambo mawili: kupenda picha na kuweka akiba. Mjini kwetu bei ya shaba ni habari kama ya mvua. Machi 2020 tani moja huko London ilikuwa imeshuka chini ya dola 5,000, na Mei 2021 ikavuka 10,000. Kila aliyekaa kwenye karakana yangu alilisema hilo. Nikajiambia: kama shaba imepanda maradufu kwa mwaka mmoja, basi nikiweka shaba nzuri, safi, yenye muhuri, nimeweka mali. Nikamwandikia shemeji yangu aliyeko Marekani aninunulie mirija miwili, kila mrija raundi ishirini.

Raundi arobaini kwa dola 2.50, ni dola 100. Kuzileta mpaka kwa shemeji, dola 12. Msafiri aliyezibeba kwenye sanduku lake, dola 20. Jumla 132. Njiani, kwenye uwanja mmoja wa ndege, msafiri alisimamishwa karibu saa nzima, kwa sababu kwenye mashine mirija ile ilionekana kama donge zito lisiloeleweka, na hakuwa na karatasi ya ununuzi. Namshukuru hakukasirika. Tangu siku ile, kitu chochote cha chuma nikiagiza, risiti inasafiri pamoja nacho, na msafiri anajua anabeba nini na kwa nini.

Zilipofika nilizipanga juu ya meza ya karakana, nikaziweka kwenye mizani yangu ya gramu, ile ninayopimia waya mpya. Kilo moja na gramu 134. Nilisimama hapo nikitazama ile namba. Nilikuwa najua bei ya kilo ya shaba kama ninavyojua jina langu, lakini mpaka sekunde ile sikuwa nimefanya hesabu. Kwa dola 10,000 kwa tani, kilo ni dola kumi. Mezani kwangu palikuwa na shaba ya dola 11 na senti kidogo, nami nimetoa 132. Ili nirudishe pesa yangu kwa shaba peke yake, kilo ingepaswa kufika dola 116.

Sikumwambia mtu. Shule zikafunguliwa, minervali ya mtoto wa pili haikutosha. Ndipo nikachukua mirija nikampelekea mnunuzi wa mitrai, kijana ninayemjua tangu anaanza kazi. Alizitoa moja moja, akazitazama kwa heshima, akasema zinapendeza. Kisha akatikisa kichwa. Kwa uzito, asingefika dola saba. "Yaya," aliniita, yaani kaka, "kwangu mimi ile haiko mali. Ile ni picha tu."

Nilirudi nazo. Mke wangu alikuwa ameshahesabu pesa za kopo la shule na kuona zimepungua. Nilipomweleza hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Aliuliza swali moja: "Baba watoto, ungeletewa mota ya dola kumi na moja, ungeilipa 132?" Tulikopa kwa dada yake. Nilimlipa mpaka Februari.

Basi neno la kwanza ninalomwachia mwenye kutaka kuanza ni hili: yale maandishi ya .999 yasikutishe. Kwenye dhahabu na fedha usafi ule ni jambo kubwa. Kwenye shaba ni kawaida, kwa sababu waya wa umeme hauwezi kupitisha umeme vizuri kama shaba yake si safi. Waya mwekundu ninaochomoa kwenye mota iliyokufa una usafi karibu huohuo. Unacholipia kwenye raundi ni kazi ya mchongaji, mashine iliyogonga, mrija, na safari. Ukiipenda picha, lipa. Ukitaka kuweka akiba ya shaba, gunia langu la waya ni akiba bora kuliko mrija. Na kabla ya kuagiza, jumlisha kila kitu mpaka mlangoni kwako, kisha ujiulize kama pesa hiyo ikipotea yote leo nyumbani kutakuwa na njaa.

Baada ya hapo nilipumzika miezi kadhaa. Ningebaki hivyo ingekuwa heri.

Mwaka 2022 kwenye soko moja la mjini, muuzaji mmoja aliyetandika saa mbovu, vinyago na vitu vya malakiti, lile jiwe la kijani, alinionyesha dola ya fedha ya Marekani. Kichwa cha mwanamke anayeitwa Uhuru, kazi ya Morgan, mwaka 1881, tai nyuma. Nyeupe, nzito. Alisema aliipata kwa Mzungu mmoja wa zamani. Alitaka dola 60, tukashuka mpaka 30. Moyo ulikuwa unadunda. Nilijiona nimeokota, maana nilikuwa nimesoma kwamba dola ile ni asilimia 90 fedha.

Nilikaa nayo miezi mitano, nikiwaonyesha wageni. Siku moja nikiwa naishika karibu na dirisha niliona kwenye shavu la yule mwanamke, pale panapojitokeza zaidi na kusuguliwa na vidole, doa jekundu la ukubwa wa punje ya mtama. Nikatazama ukingo. Kwenye meno ya ukingo pia wekundu ulikuwa unachungulia. Mtu wa shaba hahitaji kuambiwa. Nilichukua mizani: gramu 28.3. Nikachukua kipimo ninachopimia unene wa waya: milimita 39. Dola halisi ya Morgan ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1. Nilikuwa nimenunua raundi ya shaba iliyopakwa fedha, kitu cha dola tatu.

Kinachoniuma mpaka leo si zile dola 30. Ni kwamba mizani na kipimo vyote vilikuwa vyangu, vipo kwenye droo, na nilikuwa na namba sahihi kichwani. Ningemwambia muuzaji "nisubiri nusu saa", ningeokoka. Sikumwambia kwa sababu niliogopa mtu mwingine asije akainunua. Ukimwona muuzaji anakuharakisha, au ukijiona unajiharakisha mwenyewe, rudisha kitu mezani. Jifunze pia tofauti ya wakia mbili: raundi za shaba kwa kawaida hupimwa kwa wakia ya kawaida, gramu 28.35, ilhali fedha na dhahabu hupimwa kwa wakia ya masonara, gramu 31.1. Mtu akikuuzia "wakia ya fedha" na mizani ikasema 28, hapo kuna maneno. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu haivuti fedha wala shaba. Tazama pia maandishi: sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala ya sarafu igongwe neno la kuonyesha kwamba ni nakala, na raundi nyingi za haki zimeandikwa uzito na usafi waziwazi. Ile yangu haikuandikwa chochote. Ukimya ule ulitosha kunionya.

Kosa la tatu ndilo ninaloliandika kwa uzito.

Baba alifariki 2014. Aliacha kopo la tumbaku lenye vitambulisho vya kazi, picha mbili, na sarafu moja ya faranga tano ya Katanga ya 1961. Wanaojua historia yetu wanajua: Julai 1960 jimbo lilijitangaza kuwa nchi, Januari 1963 likaisha, na katikati hapo zikagongwa sarafu za shaba nyeusi, yaani bronzi, faranga moja na faranga tano, upande mmoja ndizi, upande mwingine ule msalaba wa shaba ambao mababu waliutumia kama pesa. Mengi ya miaka ile ni machungu, na baba hakupenda kuyazungumza. Lakini sarafu aliitunza. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea, karibu na rangi ya kahawa isiyo na maziwa, na ndizi zilikuwa zimezama katika rangi ile kama zimechorwa kwa moshi.

Desemba 2022, mvua zimekolea, niliona raundi zangu zimeanza kupoteza mng'ao. Alama za vidole vyangu zilikuwa zimejichora juu ya nyati, mistari yote ya kidole gumba. Mafuta na jasho la mkono huila shaba polepole, na alama ikishaingia haitoki. Nikakumbuka mama alivyokuwa akisugua sufuria za shaba: limau na chumvi. Nikakamua malimau mawili kwenye bakuli, nikatia chumvi kijiko, nikazamisha. Kwa dakika moja ziliwaka kama siku ya kwanza. Nilifurahi sana. Na kwa furaha ile nikanyoosha mkono kwenye kopo, nikaitia na sarafu ya baba.

Ilitoka ya waridi. Rangi ya kidonda kilichobanduliwa gamba. Kahawia yote ilikuwa imebaki kwenye limau, imefanya maji kuwa na uchafu. Ndizi zilionekana bapa, kama zimechorwa jana. Niliikausha na kitambaa, nikaiweka mezani, nikakaa.

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi ya kuyeyusha shaba miaka mingi, enzi bomba kubwa la moshi la mji huu bado linatoa moshi kila siku. Nilimpelekea kesho yake. Aliishika ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, hakugusa uso wake. "Mwanangu, ile kahawia haikuwa uchafu. Ilikuwa ngozi yake. Shaba inajifunika yenyewe ili isiliwe." Kisha akaniuliza nilitia nini. Nilipotaja chumvi alifumba macho. Alinieleza kwamba asidi ya limau inavua ile ngozi, na chumvi inaingia kwenye vitundu vidogo visivyoonekana. Ikibaki humo, ikipata unyevu, inaungana na shaba na kutoa kijani. "Shaba ilitoka kwenye jiwe la kijani," alisema, "ukiivua nguo inarudi kuwa jiwe."

Baada ya wiki tatu vijidoa vya kijani vilitokea kwenye raundi saba, na kimoja kwenye sarafu ya baba, kando ya mkono wa msalaba. Mzee alinionyesha la kufanya: kuloweka kwenye maji ya betri, yale yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa, siyo ya bomba na siyo ya asidi, nikiyabadilisha kila siku kwa wiki mbili ili chumvi itoke, kisha kukausha kwa hewa ya joto bila kusugua. Doa liliacha kukua. Halikufutika.

Tangu hapo siisafishi shaba yoyote. Ikiwa na mafuta au gundi naisuuza kwa asetoni, ile ya dukani isiyo na manukato wala rangi, mlango wazi na moto mbali, basi. Naishika ukingoni, na nikiwa nimetoka kusuka mota nanawa kwanza. Kila moja inakaa kwenye kapsuli, yaani kikasha kigumu cha plastiki, cha milimita 39. Vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka kama koti jipya la mvua nilivitupa vyote, maana plastiki ile ina kitu kinachotoka taratibu na kuacha utando wa kijani. Kwa masika yetu, kuanzia Novemba mpaka Machi, naweka ndani ya sanduku vile vipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu vipya. Vikishiba unyevu navipasha moto kidogo juu ya sufuria kavu, kisha navirudisha. Havigharimu hata faranga.

Yule mzee ndiye aliyenituma kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini, mahali nilipopita nje maisha yangu yote bila kuingia. Nilisimama mbele ya misalaba ya shaba muda mrefu. Ilimiminwa na watu wa nchi hii karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa 1906: wakati wa kiangazi walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina kwenye kalibu za mchanga. Kwenye makaburi ya bonde la Upemba wamefukuliwa wafu waliozikwa nayo. Ya zamani zaidi ni mikubwa na michache. Baadaye inakuwa midogo, mingi, inayofanana ukubwa, na wachimbuaji wanaona kwamba hapo ndipo ilipogeuka kuwa pesa. Nilitazama uso wa ile misalaba: kahawia, nyeusi, kijani kwenye pembe. Hakuna aliyeitia limau.

Nilitoka nikiwa nimetulia kwa namna ambayo raundi arobaini hazikunipa. Nimebakisha raundi kumi na moja, zile ambazo picha zake naweza kumsimulia mtoto bila kusoma popote. Nyingine niliwapa wateja, moja moja, kama nilivyopewa ya kwanza. Nanunua moja kwa mwaka, mbili zikizidi, na mke wangu anajua bei. Misalaba ya kuuzwa barabarani nainunua tu kwa fundi anayesema wazi kwamba ameimimina yeye; anayeniambia ni ya kaburini, namwacha nayo, kwa sababu ikiwa ni uongo nimeibiwa mimi, na ikiwa ni kweli ameibiwa marehemu.

Sarafu ya baba iko kwenye kapsuli yake, juu ya rafu ya karakana, mbali na jua. Sijaigusa kwa kidole tangu Januari 2023. Upande wa ndizi, kwenye mifereji kati ya ndizi na ndizi, kahawia imeanza kurudi, nyembamba, lazima uinamishe taa ndipo uione. Upande wa msalaba bado ni wa waridi.